Madama Butterfly: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeitazama opera hii kwa mara ya kwanza huwa na maswali yaleyale. Wengine huyauliza huku wanafuta machozi, wengine wakiwa wamekasirika, na wapo wanaouliza kwa sababu wamesikia tu kwamba "kuna Mjapani anajiua". Nimeyapanga kuanzia mepesi hadi ya ndani. Jambo likishaelezwa mahali pamoja nitakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Ya kuanzia

Madama Butterfly ni nini hasa?

Ni opera ya Kiitaliano iliyotungwa na Giacomo Puccini. Maneno yaliandikwa na Luigi Illica na Giuseppe Giacosa, ambao alikwisha kufanya nao La Bohème na Tosca. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 17 Februari 1904 katika ukumbi wa La Scala, Milano. Msichana wa Nagasaki, Japani, anaolewa na afisa wa jeshi la maji la Marekani, anaachwa, anangoja miaka mitatu, na mume anaporudi anakuja na mke mwingine.

Muziki wenyewe ni saa mbili na robo hivi. Ukijumlisha mapumziko, tenga saa tatu.

Opera si ni kama taarab tu?

Swali hili huja kwa utani, ila lina maana. Vyote viwili vina okestra, ushairi, na mwimbaji anayekufanya uhisi kwamba anakusema wewe. Lakini katika taarab kila wimbo unasimama peke yake na mafumbo yake. Opera ni mchezo wa kuigiza mzima unaoimbwa tangu pazia linapofunguliwa: hata kumkaribisha mgeni kinywaji kunaimbwa. Waimbaji hawatumii kipaza sauti, sauti ya kifuani inabidi iivuke okestra nzima na kufika viti vya nyuma. Na hakuna anayepanda jukwaani kutunza.

Lazima nijue Kiitaliano?

Hapana. Kumbi nyingi siku hizi huonyesha tafsiri kwenye kiwambo juu ya jukwaa, na filamu zake nyingi zina maandishi chini. Soma sehemu inayofuata kwanza, itakutosha.

## Hadithi yenyewe

Nani ni nani?

Msichana ni Cio-Cio-San, ambaye wageni humwita Butterfly, yaani kipepeo. Pinkerton ndiye afisa wa meli ya kivita iitwayo Abraham Lincoln. Suzuki ni mtumishi wa Butterfly, na kwa maoni yangu ndiye mwenye akili kuliko wote jukwaani. Sharpless ni konsuli wa Marekani, mtu mwema asiye na uti wa mgongo. Goro ndiye aliyeunganisha ndoa. Usimwite mshenga, maana mshenga ana heshima zake. Goro ni dalali, na nyumba na mke kavileta katika safari moja. Kuna pia mjomba mtawa wa Kibuddha, tajiri Yamadori anayemposa Butterfly baadaye, na Kate, yule mke wa Kimarekani.

Kama hakuwa na nia, Pinkerton alimwoa kwa nini?

Sikiliza dakika kumi za mwanzo, kabla bibi harusi hajaingia. Pinkerton anazungushwa nyumba ya kuta za karatasi zinazoteleza, anacheka, anamwambia Sharpless kwamba ameipanga kwa miaka 999, ila mkataba unamruhusu kuuvunja kila mwezi. Halafu anasema ndoa yake nayo ni hivyohivyo. Ile ya miaka 999, ile ya kuvunja kila mwezi. Gharama ya kumpata mke ni yeni 100. Anamimina whisky na kunywa kwa ajili ya siku atakayofunga ndoa ya kweli na mke wa kweli wa Kimarekani. Haya yote anayasema bi harusi akiwa njiani, anapanda kilima na wenzake wakiimba.

Kwa hiyo hakuna siri. Mtazamaji anajua, Sharpless anajua, Goro anajua. Ndiyo maana mimi siiiti hadithi ya mapenzi yaliyoshindwa na mila mbili. Mila zingeweza kupatana. Kilichoua ni mkataba ambao upande mmoja uliusoma na upande mwingine ukauamini.

Ina maana Butterfly hakujua chochote?

Aliamini. Angalia anavyofungua mikono ya kimono yake mbele ya mume na kutoa vitu vyake kimoja kimoja: leso, kipini cha vazi, kioo, upepeo wa mkono, kikopo cha rangi ya uso. Pinkerton anakunja uso kwa kile kikopo, na papo hapo msichana anakitupa. Halafu anatoa kisanduku chembamba asichotaka kukifungua mbele za watu. Ndani yake mna kisu ambacho Mikado, mfalme wa Japani, alimpelekea baba yake, pamoja na agizo la kujiua, na baba akatii. Mwisho anatoa visanamu vidogo vya roho za wazee wake.

Kisha anamnong'oneza kwamba jana yake alikwenda misheni peke yake, kwa siri, kubadili dini. Mtu anayejua kwamba ameolewa kwa mwezi hafanyi hivyo. Mjomba anapopata habari anakuja kumlaani katikati ya harusi, na ukoo wote unamsusa. Tangu hapo hana pa kurudi.

Ana umri gani?

Miaka 15. Anamfanya Sharpless abahatishe, kisha anacheka na kusema ameshazeeka. Sharpless anasema huo ni umri wa kucheza. Pinkerton anaongezea kwamba ni umri wa peremende. Maonyesho mengi hulipita jambo hili haraka, na waimbaji wenyewe huwa watu wazima kwa sababu sauti ya sehemu hii haibebeki na msichana mdogo. Wewe usilipite.

Ile habari ya ndege ni nini?

Pinkerton aliahidi kurudi ndege wenye kifua chekundu watakapojenga viota. Miaka mitatu baadaye Butterfly anamuuliza konsuli kwa adabu zote: huko Marekani ndege hawa hujenga viota lini? Maana hapa wameshajenga mara tatu, lakini huenda kwenu hawajengi mara kwa mara. Sharpless amekuja na barua mfukoni ya kumwambia kwamba mume haji kwake, na anajibu kwamba hakusomea habari za ndege. Ukumbini watu hucheka hapo, kisha kicheko kinakatika.

Inaishaje?

Mzinga unalia bandarini, meli imeingia. Butterfly na Suzuki wanakung'uta maua yote ya bustani na kuyatandaza ndani. Kisha Butterfly anatoboa matundu matatu katika ukuta wa karatasi ili wachungulie njia: la juu lake, la chini yake la Suzuki, na la chini kabisa la mtoto. Ndiyo, kuna mtoto wa kiume, ambaye Pinkerton hakuwa na habari zake. Usiku unaingia. Suzuki na mtoto wanalala. Mama anasimama mpaka alfajiri bila kukaa, huku nje ya jukwaa kwaya inavumisha muziki kwa midomo iliyofumbwa, bila neno hata moja.

Asubuhi Pinkerton anakuja, anaona maua, anashindwa kusubiri na kuondoka. Anayebaki bustanini ni Kate. Wamekuja kumchukua mtoto. Butterfly anakubali kwa sharti baba aje kumchukua mwenyewe baada ya nusu saa. Anamfunga mtoto kitambaa machoni, anampa bendera ya Marekani na mwanasesere achezee, anaingia nyuma ya pazia na kisu cha baba yake. Maandishi ya kisu yanasema afe kwa heshima asiyeweza kuishi kwa heshima. Kutoka nje inasikika sauti ya Pinkerton ikiita jina lake mara tatu. Okestra inapiga mlio wa mwisho ambao hautui; masikio yanabaki yakingoja sauti moja zaidi isiyokuja.

## Ilikotoka

Ni kisa cha kweli?

Kuna mbegu ya ukweli, lakini imepita mikono mingi, na kila mkono uliubadilisha mwisho wake. Kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Wa kwanza ni Pierre Loti, jina la uandishi la afisa wa jeshi la maji la Ufaransa, Julien Viaud. Mwaka 1885 meli yake ilitia nanga Nagasaki na yeye akachukua mke wa muda, kwa malipo ya kila mwezi na makaratasi yaliyoandikishwa polisi. Mwaka 1887 alichapisha riwaya ya Madame Chrysanthème kutokana na miezi hiyo. Siku ya kuondoka msimulizi anarudi nyumbani bila kutarajiwa, akiwa na matumaini ya kumkuta mkewe akilia. Anamkuta ameketi sakafuni, anaimba, anagonga sarafu za fedha moja moja kwa kinyundo kidogo kusikiliza kama ni halisi. Bibi huyu anajua mkataba ni mkataba.

Wa pili ni John Luther Long, mwanasheria wa Philadelphia ambaye hakuwahi kufika Japani; dada yake ndiye aliyeishi Nagasaki na mumewe mmisionari. Hadithi yake fupi ya mwaka 1898 ilimgeuza mke wa mkataba kuwa mke anayeamini. Lakini hafi. Anajichoma kisu, mtumishi anamfinya mtoto makusudi ili alie, mama anaacha, jeraha linafungwa. Kesho yake mke wa Kimarekani anapofika kumchukua mtoto anakuta nyumba tupu. Wameondoka wote.

Wa tatu ni David Belasco, mtu wa jukwaa wa New York, aliyeigeuza kuwa mchezo wa tendo moja mwaka 1900. Huyu ndiye aliyemuua. Ndiye pia aliyebuni ule mkesha: dakika 14 hivi bila maneno, taa zikibadilika kutoka machweo hadi mapambazuko. Mwaka huohuo mchezo ulipelekwa London, na Puccini akauona huko. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, na bado alitoka amenasa.

Kwa hiyo kutoka 1887 hadi 1904 mwanamke yuleyule anahesabu fedha, kisha anatoroka na mwanawe, kisha anakufa. Kila mtunzi mpya alimnyang'anya kitu, na watazamaji wakazidi kulipenda pigo.

Cio-Cio-San au Cho-Cho-San?

Ni jina moja. Kwa Kijapani kipepeo ni "chocho". Waitaliano huandika sauti ya "cho" kama "cio". Tamka kwa namna ya kwanza au ya pili, matamshi ni yaleyale.

## Usiku wa Milano

Kweli ilizomewa?

Ilizomewa vibaya. Puccini alikuwa na hakika nayo kuliko kazi zake zote za nyuma. Aliikamilisha baada ya ajali ya gari ya Februari 1903 iliyomvunja mguu. Usiku wa kwanza watu walipiga kelele kwamba wimbo huu wameshausikia katika La Bohème. Kimono ya Rosina Storchio, aliyeimba Butterfly, ilipotuna hewa, mtu akapaza sauti kwamba ana mimba. Milio ya ndege ya alfajiri ilipoanza, ukumbi ukaitikia kwa milio ya wanyama wa kila aina.

Wengi wanaamini kelele zile zilipangwa na mahasimu wake. Huenda. Lakini tendo la pili lilikuwa refu mno, karibu saa moja na nusu bila kituo. Puccini aliiondoa opera yake baada ya usiku ule mmoja, akairekebisha, akaligawa lile tendo refu, akamwongezea Pinkerton wimbo wa kuaga, na tarehe 28 Mei 1904 ikashangiliwa katika mji wa Brescia.

Kuna matoleo mangapi, na ninalolisikia ni lipi?

Aliendelea kuirekebisha kwa ajili ya London mwaka 1905 na Paris mwaka 1906. Unalolisikia mara nyingi linatokana na marekebisho ya Paris, yaliyochapishwa mwaka 1907. Tofauti si za muziki tu. Toleo la Milano lina Pinkerton mkavu zaidi, anayewakejeli waziwazi watumishi na wakwe zake, na Kate mwenye maneno mengi zaidi, ndiye anayemwomba Butterfly mtoto uso kwa uso. Kila marekebisho yalimlainisha mwanamume huyo kidogo. Ule wimbo wa kuaga ni mtamu, na kazi yake ni kumfanya tumhurumie. La Scala walirudia toleo la mwanzo tarehe 7 Desemba 2016 chini ya uongozi wa Riccardo Chailly. Ukilipata, litazame baada ya kulizoea lile la kawaida.

## Muziki

Nyimbo za Kijapani zilizomo ni za kweli?

Baadhi. Puccini alikusanya santuri na vitabu vya nyimbo, akamwomba mke wa balozi wa Japani nchini Italia amwimbie. Utasikia "Sakura Sakura", "Miyasan" inayomtambulisha Yamadori, na "Kimigayo", wimbo wa taifa wa Japani, wakati wa shughuli za ndoa. Amezitumia kama rangi, si kwa maana zake, na mtu wa Japani husikia mambo yasiyolingana.

Mbona kuna wimbo wa taifa wa Marekani?

Ni mwanzo wa "The Star-Spangled Banner", unaomwandama Pinkerton. Mwaka 1904 haukuwa wimbo wa taifa rasmi bado, hilo lilikuja mwaka 1931. Lakini jeshi la maji lilikuwa likiutumia.

Ule wimbo maarufu unasemaje?

Ni "Un bel dì vedremo", yaani siku moja njema tutaona. Butterfly anamwigizia Suzuki jinsi meli itakavyotokea: moshi kwanza, mwembamba, pale bahari inapokutana na mbingu. Kisha mtu mmoja mdogo kama nukta akipanda kilima. Naye hatamkimbilia, atajificha kidogo, nusu kwa utani, nusu asife kwa furaha. Watu huucheza harusini. Jamani.

## Ubishi na uzao wake

Ni opera ya kibaguzi?

Inamchora mwanamke wa Asia kuwa mnyenyekevu anayekufa kwa ajili ya mzungu, na picha hiyo imeenea mbali kuliko opera yenyewe. Hilo halifichiki. Wakati huohuo mwenye aibu ndani yake ni Mmarekani, na muziki mzuri wote uko upande wa Butterfly. Vita na Japani vilipoanza mwaka 1941, Metropolitan Opera ya New York waliiweka kando hadi mwaka 1946. Mimi naipenda, na kila ninapoisikiliza nakereka mahali palepale. Sioni haja ya kuchagua kimoja.

Kupaka waimbaji rangi na kuwavuta macho ili waonekane Waasia ni jambo jingine. Hilo liachwe tu.

Wajapani wamewahi kuiimba?

Mapema sana. Tamaki Miura aliiimba London mwaka 1915, kisha akazunguka nayo Marekani na Italia. Sanamu yake iko Nagasaki katika bustani ya Glover, na mle mna ya Puccini pia. Nyumba ya mfanyabiashara wa Uskoti, Thomas Glover, huitwa na watalii nyumba ya Butterfly. Hakuna Butterfly aliyeishi pale.

M. Butterfly ni kitu kilekile?

Hapana, ni tamthilia ya David Henry Hwang, Mmarekani mwenye asili ya China, iliyofika Broadway mwaka 1988 na kushinda tuzo ya Tony. Imetokana na kesi ya kweli: mwanadiplomasia wa Ufaransa, Bernard Boursicot, alihusiana kwa miaka mingi na mwimbaji wa opera ya Beijing, Shi Pei Pu, akiamini ni mwanamke. Alikuwa mwanamume, na siri za ubalozi zikapita. Mwaka 1986 wote wawili walihukumiwa Paris kwa ujasusi.

Hwang aliipindua opera. Mzungu anajiona Pinkerton, na mwishowe yeye ndiye anayevaa kimono na kujiua. Ndani yake mwimbaji anauliza swali moja kali: je, ungelia kama msichana mrembo wa Kimarekani angejiua kwa ajili ya Mjapani mfupi aliyemwacha, au ungemwona mjinga? David Cronenberg aliitengenezea filamu mwaka 1993.

Na Miss Saigon?

Ni mchezo wa muziki wa Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil, London, 1989. Nagasaki imekuwa Saigon ya mwaka 1975, afisa amekuwa askari, na wazo lilichochewa na picha ya mama wa Kivietnam akimwachia mwanawe apande ndege kwenda kwa baba yake. Ulipokwenda New York kulizuka ugomvi mkubwa, kwa sababu Jonathan Pryce, mzungu, alicheza nafasi ya mtu mwenye damu ya Asia.

## Maswali ya pembeni

Ndoa ile ni kama muta?

Wasomaji wa pwani huliuliza hili sana. Muta, yaani ndoa ya muda, kwa Mashia wanaoikubali, muda wake hutajwa mwanzoni na pande zote mbili huujua, Masuni wanaikataa. Ya Loti inafanana nayo kwa umbo, ingawa haikuwa ya dini. Ya Pinkerton haifanani, kwa sababu muda aliujua mmoja tu.

Mtoto anaitwa nani?

Dolore, maana yake uchungu. Mama anasema siku baba atakaporudi ataitwa Gioia, furaha.

Mtoto jukwaani ni wa kweli?

Kwa kawaida ndiyo, mtoto mdogo asiyeimba neno, anayetakiwa atulie wakati mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko zote ukumbini anamlilia sikioni. Anthony Minghella, katika onyesho lake la London mwaka 2005 ambalo lilikwenda Metropolitan mwaka uliofuata, alitumia kikaragosi kinachoendeshwa na watu watatu waliovaa nyeusi. Nilidhani kitanitoa katika hadithi. Mama alipoinama, kile kichwa cha mbao kikageuka polepole kumtazama usoni, na nikasahau kwamba wale watatu wapo.